Usagaji wa saruji: nguvu inayowahi na nyufa zinazoifuata

Dukani utasikia maneno ya aina mbili kuhusu saruji. Muuzaji atakwambia hii ni 42.5, ina nguvu kuliko ile ya 32.5. Fundi uliyekwenda naye atachukua chembe kidogo kiganjani, atazisugua kwa kidole gumba na kusema hii laini, tuchukue hii. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Ambacho mwenye nyumba haambiwi ni kwamba ukichukua klinka ileile, yaani madonge ya tanurini yanayosagwa kuwa saruji, ukaisaga laini zaidi, hujaiongezea nguvu kubwa ya mwisho. Umeifanya nguvu yake itoke mapema. Na vyote vinavyotoka pamoja na nguvu hiyo, yaani joto, kiu ya maji na kusinyaa, navyo vinawahi, wakati zege bado changa na fundi pengine ameshakwenda kula.

Kuhusu kidole gumba, tuseme mapema: hakiwezi kupima kitu hapa. Chembe nyingi za saruji zina upana wa kati ya maikroni 1 na 60, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kati ya saruji ya kawaida na ile iliyosagwa sana, ngozi ya mtu haioni tofauti. Kidole kinafaa kugundua mabonge, maana yake saruji imenyonya unyevu, basi.

Kiwandani, mawe ya chokaa na udongo huchomwa katika tanuri linalozunguka hadi nyuzi joto 1,450 hivi. Kinachotoka ni klinka, madonge magumu ya rangi ya kijivu iliyokolea, mengi yakiwa na kipenyo cha sentimita 1 hadi 3. Donge la namna hiyo ukilitumbukiza kwenye ndoo ya maji litakaa tu. Linakuwa saruji pale linaposagwa pamoja na jasi kidogo, na mara nyingi pamoja na viungo vingine kama mawe ya chokaa mabichi au pozolana (jiwe la volkano), ndani ya kinu chenye mipira ya chuma au magurudumu mazito.

Kwa nini kusaga kunabadilisha mambo kiasi hicho? Maji hula chembe ya saruji kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo kinachoamua kasi ni eneo la nje. Chukua mchemraba wa klinka wenye upande wa sentimita 1. Una eneo la sentimita za mraba 6. Ukate uwe vipande vyenye upande wa nusu sentimita: unapata vipande 8, na jumla ya eneo lake ni sentimita za mraba 12. Uzito ni uleule, eneo limekuwa maradufu. Endelea kukata hivyo hadi ufike kwenye maikroni, na kilo moja ya saruji ya kawaida inakuwa na eneo la mita za mraba 300 hadi 400. Tuseme 350. Mfuko wa kilo 50 basi una mita za mraba 17,500, karibu viwanja viwili na nusu vya mpira wa miguu vya kiwango cha kimataifa. Eneo lote hilo unalilowesha kwa lita 25 au 30 za maji, na linaanza kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kipimo cha Blaine

Namba hiyo ya mita za mraba kwa kilo hupatikana kwa njia nyepesi, na inafaa kuijua kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye karatasi za kiwanda. Inaitwa Blaine, kwa jina la Mmarekani R. L. Blaine aliyeeleza kifaa chake mwaka 1943. Mpimaji anaweka saruji iliyopimwa uzito kwa makini katika kikombe kidogo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 12.7, anaweka duara la karatasi ya kuchujia juu na chini, kisha anaishindilia hadi ujazo uliopangwa. Kikombe kinapachikwa juu ya mrija wa kioo uliopinda kama herufi U, wenye mafuta ndani. Mafuta yanavutwa juu upande mmoja, bomba linafungwa, kisha yanaachwa yashuke. Ili yashuke lazima hewa ipenye kwenye saruji. Mpimaji anashika saa na kuhesabu sekunde kutoka alama moja hadi nyingine. Saruji laini ina vinjia vyembamba, hewa inapita kwa taabu, sekunde zinakuwa nyingi. Eneo linakwenda na kipeuo cha pili cha muda: muda ukiwa mara nne, eneo ni mara mbili.

Ni kipimo kizuri kwa kiwanda kinachojilinganisha na chenyewe, leo na jana. Kwa mnunuzi anayelinganisha saruji mbili tofauti, kinaweza kudanganya. Mawe ya chokaa ni laini kuliko klinka. Yakisagwa pamoja kwenye kinu kimoja, chokaa inapondeka kuwa unga mwembamba mno huku klinka ikibaki na chembe kubwa kubwa, na Blaine inapanda hadi 420 au 450 bila klinka yenyewe kusagwa sana. Pozolana nayo ni jiwe la volkano lenye vitundu, na linapandisha namba kwa njia yake. Kwa hiyo saruji yenye Blaine 430 iliyojaa chokaa inaweza kuwa ya polepole kuliko yenye 340 iliyo klinka karibu tupu. Ndiyo maana naona ajabu kidogo pale mtu wa mauzo anapoitaja Blaine peke yake kama sifa.

Kiwango cha Ulaya cha EN 197-1, ambacho viwango vya saruji vya Afrika Mashariki vimejengwa juu yake, hakiweki kikomo chochote cha usagaji. Kinadai matokeo: saruji ishike si mapema kuliko dakika fulani, ifikishe nguvu fulani kwa siku fulani. Namna ya kufika huko, kwa kemia au kwa kinu, ni shauri la kiwanda.

Kushika

Kushika na kukomaa ni hatua mbili. Zege limeshika pale ambapo haliwezi tena kumwagika wala kusawazishwa, ingawa ukilikanyaga kwa nguvu bado linaumia. Maabara hupima kwa sindano ya Vicat: sindano ya chuma nyembamba, milimita 1.13, inayobebwa na uzito wa gramu 300, inaachiwa izame kwenye rojo la saruji na maji lenye kina cha milimita 40. Mwanzoni inazama hadi chini. Ikianza kukwama milimita chache juu ya sahani ya chini, saruji imeanza kushika. Saruji za daraja la 32.5 haziruhusiwi kuanza kushika kabla ya dakika 75, za 42.5 kabla ya dakika 60, na za 52.5 kabla ya dakika 45. Angalia ngazi hiyo inavyoshuka. Hizo ni dakika za chini kabisa zinazokubalika, na saruji nyingi huchukua saa mbili au zaidi, ila zimepimwa kwenye chumba chenye nyuzi 20. Juu ya bati la slabu Dodoma saa saba mchana, hesabu ni nyingine.

Jasi iko hapo kwa kazi moja kubwa. Ndani ya klinka kuna sehemu ya aluminati ambayo ikikutana na maji peke yake inashika ndani ya dakika chache na kutoa joto kali. Jasi huyeyuka na kuifunika sehemu hiyo, mambo yanatulia kwa saa chache ili watu wapate nafasi ya kufanya kazi. Ukisaga klinka zaidi unafichua aluminati zaidi, kwa hiyo jasi nayo lazima iongezwe. Kiwanda kikiongeza usagaji bila kurekebisha jasi, saruji inawahi kushika kwa namna ambayo hakuna fundi anayeweza kuiokoa.

Kuna tukio jingine linalofanana na hilo na husababisha ugomvi mwingi site. Zege linachanganywa vizuri, dakika tano baadaye limekakamaa kwenye toroli. Fundi anasema saruji mbovu, anaongeza maji. Mara nyingi tatizo limetoka kwenye joto la kinu. Kusaga sana kunazalisha joto, na jasi ikipita nyuzi 110 au 120 inapoteza sehemu ya maji yake na kuwa kama plasta ya dari, ile inayoganda mara tu ikiguswa na maji. Kinachokakamaa pale ni plasta, saruji yenyewe bado haijaanza. Dawa yake ni kuchanganya tena kwa nguvu kwa dakika mbili tatu, bila tone la maji, na zege linarudi kuwa laini. Aliyeongeza maji ameshusha nguvu ya zege lake kwa tatizo ambalo lingeondoka lenyewe kwa mabeleshi machache zaidi.

Nguvu: nani anafanya kazi lini

Watu wa saruji hugawa chembe kwa ukubwa. Zile zilizo chini ya maikroni 3 hivi zinakwisha karibu zote siku ya kwanza, na ndizo zinazotoa nguvu ya kesho asubuhi. Zile za kati ya 3 na 30 ndizo zinazobeba nguvu ya siku 28. Zilizo juu ya 60 zinaliwa ganda la nje tu, kiini chake kinabaki kavu miezi na miaka, kikikaa ndani ya zege kama kijiwe. Ukisaga zaidi unahamisha chembe kutoka kundi la mwisho kwenda la kwanza na la pili. Siku ya 2 tofauti ni kubwa sana. Siku ya 28 imepungua. Baada ya mwaka au zaidi, zege la saruji ya chembe kubwa lililotunzwa kwa unyevu linakaribia lile la saruji laini, na pengine kulipita.

Hapa ndipo herufi za kwenye mfuko zinapoanza kusomeka. Namba 32.5, 42.5 na 52.5 ni nguvu ya chini ya siku 28 kwa megapaskali, iliyopimwa kwenye vipande vya mota vya milimita 40 kwa 40 kwa 160, saruji sehemu moja, mchanga maalumu sehemu tatu, maji nusu ya uzito wa saruji. Herufi R maana yake nguvu ya mapema, N ni ya kawaida. Saruji ya 42.5N inatakiwa ifikishe angalau megapaskali 10 kwa siku 2, ile ya 42.5R angalau 20. Siku 28 zote mbili zinadaiwa kitu kilekile. Tofauti ya R na N basi ni ya lini, na kinu ndicho chombo cha karibu zaidi cha kuitengeneza, ingawa kemia ya klinka nayo ina mkono wake. Kumbuka pia kwamba hizo ni namba za mota ya maabara. Kununua saruji ya 32.5 hakukupi zege la 32.5, wala ya 42.5 haikupi la 42.5, hilo linaamuliwa na maji, kokoto na mikono.

Viwanda vimekuwa vikisaga zaidi na zaidi tangu karne iliyopita, na sababu zake zinaeleweka. Mkandarasi anataka kufungua mbao mapema ahamie ghorofa linalofuata. Anayefyatua tofali anataka kuzipanga kesho. Kisha kuna klinka, ambayo ni ghali na hutoa hewa ya ukaa nyingi, kwa hiyo kiwanda kinaweka chokaa au pozolana mahali pa sehemu yake. Katika aina ya saruji iliyoandikwa CEM II/B klinka ni asilimia 65 hadi 79, na katika CEM IV/B, aina iliyozoeleka sana Kenya kwa sababu ya mawe ya volkano ya Bonde la Ufa, klinka inaweza kuwa 45 hadi 64 tu. Klinka ikipungua, nguvu ya siku za mwanzo inashuka, na njia ya kuirudisha ni kusaga iliyobaki iwe laini zaidi. Umeme wa kinu ni mzigo, lakini bado ni nafuu kuliko kuchoma klinka nyingine.

Maji yanayodaiwa na ulaini

Eneo kubwa linataka maji mengi ili lilowe na kuteleza. Badilisha saruji ya 32.5N kwa 42.5R, weka maji yaleyale, utaona zege limekuwa zito kidogo. Hapo fundi ana njia mbili. Anaweza kutumia dawa ya kulainisha zege, au anaweza kumwaga nusu ndoo nyingine. Tunajua wengi huchagua ipi.

Tangu Duff Abrams achapishe matokeo yake Marekani mwaka 1918, imejulikana kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji na saruji kuliko kitu kingine chochote. Mfuko mmoja kwa lita 25 ni uwiano wa 0.5. Mfuko mmoja kwa lita 30 ni 0.6, na hizo lita tano zinaondoa takribani moja ya tano ya nguvu, au zaidi. Mtu aliyelipia saruji ya daraja la juu kisha akaikidhi kiu yake kwa bomba la maji amerudi alikotoka, na juu ya hapo amenunua kusinyaa zaidi, kwa kuwa kila lita isiyotumiwa na saruji siku moja itakauka na kuacha nafasi yake.

Nyufa

Nyufa ndizo zinazowaleta watu kwenye mjadala huu, na kosa la kawaida ni kuzihesabu zote kama kitu kimoja. Usagaji unaingia katika angalau aina tatu, kila moja kwa saa zake.

Za kwanza hutokea zege likiwa bado bichi. Zege likishamwagwa, mawe na saruji huzama kidogo na maji hupanda juu; utaona uso unang'aa. Maji hayo ni kinga. Jua na upepo vinapoyachukua, mengine yanapanda badala yake. Saruji laini imeziba njia, chembe zimebanana, maji yanapanda polepole. Wanaofanya kazi kwenye joto hutumia kikomo cha kilo 1 ya maji kwa mita ya mraba kwa saa, sawa na tabaka la milimita 1: mvuke ukizidi hapo, nyufa zinatarajiwa, na kwa saruji laini zinaweza kuanza hata chini ya hapo. Upepo wa kaskazi Mombasa mwezi Januari, au ule wa mchana Dodoma usiokuwa na unyevu, unafika kikomo hicho bila shida. Uso unakauka, unavutwa, na zege bado halina nguvu hata ya kujishika. Nyufa zinatokea zikiwa fupi na zikienda sambamba, mara nyingi mshazari, ndani ya saa nne za mwanzo.

Kinachofuata ni cha kusikitisha kidogo. Fundi anaona uso umekauka, anadhani zege limeshika, anachovya mkono kwenye ndoo na kunyunyiza maji ili mwiko uteleze. Nyufa zinafichwa chini ya ngozi nyembamba ya maji na saruji. Wiki mbili baadaye ngozi inatoa vumbi na nyufa ziko palepale. Dawa ingekuwa karatasi ya nailoni iliyotandazwa mara tu baada ya kusawazisha, ikafunuliwa kipande kwa kipande wakati wa kupiga mwiko. Au kumwaga zege saa kumi na moja alfajiri.

Aina ya pili ni ya joto. Jumla ya joto ambalo kilo ya klinka itatoa maishani haibadiliki sana kwa kusagwa; kinachobadilika ni kasi. Kwa slabu ya milimita 150 si tatizo kubwa, joto linatoka juu na chini. Kwa msingi mnene wa mita moja, nguzo pana, au ukuta wa tenki, joto linalotoka haraka halipati pa kwenda. Kanuni ya kukadiria ni nyuzi 12 hivi kwa kila kilo 100 za saruji katika mita ya ujazo. Zege la kilo 350 likimwagwa likiwa na nyuzi 30, kiini chake kinaweza kupita 70. Uso, hasa usiku wa Njombe au Limuru, uko chini mno. Tofauti ya kiini na uso ikizidi nyuzi 20, wahandisi wanaanza kuwa na wasiwasi.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Zege husinyaa takribani milimita 0.01 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Ukuta wa mita 10 ukipoa kwa nyuzi 20 unataka kupungua milimita 2. Lakini chini umeshikwa na msingi uliokwisha kuwa mgumu, hauwezi kwenda popote, kwa hiyo ni sawa na kuuvuta kwa milimita hizo 2. Zege linavumilia kuvutwa kwa kiasi cha milimita 0.1 kwa mita, yaani milimita 1 kwa ukuta wote. Milimita iliyobaki itaonekana kama ufa, au kama nyufa kadhaa ndogo iwapo nondo zimepangwa vizuri.

Zege changa lina njia yake ya kujiokoa: linanyooka polepole likivutwa, msuli unalegea, sehemu ya mvuto inapotea. Zege linaloimarika kwa kasi linapoteza uwezo huo mapema. Limekuwa gumu lakini bado halijawa imara dhidi ya kuvutwa, kwa sababu nguvu ya zege kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake kubanwa. Vipimo vya kubana kwenye maabara vitaonyesha matokeo mazuri ajabu, huku ukuta wenyewe ukipasuka.

Aina ya tatu inatoka ndani. Saruji na maji vikiungana, kinachozaliwa kina ujazo mdogo kuliko wazazi wake wawili kwa jumla. Kupungua huko ni karibu mililita 6 kwa kila gramu 100 za saruji, kwa hiyo mfuko mzima ukimaliza kazi yake, lita 3 zimetoweka na kuacha vitundu vitupu ndani ya zege. Vitundu hivyo vinavuta kuta zake. Saruji ikiwa laini vitundu ni vidogo zaidi, na kitundu kikiwa kidogo mvuto ni mkali zaidi. Kwa zege la maji machache, uwiano wa 0.4 kushuka chini, aina hii inatosha kupasua hata lililofunikwa lisikauke. Kwa zege la kawaida la mitaani lenye 0.6, kukauka kwa kawaida ndiko kunakotawala, na hapo maji ya ziada yana lawama kuliko kinu.

Nchini Marekani, katika jimbo la Colorado, kuna ushahidi wa muda mrefu kuhusu haya. Kwenye bwawa la Green Mountain, miaka ya 1940, idara ya serikali inayosimamia mabwawa ilijenga mabamba zaidi ya 100 ya zege kwa saruji zaidi ya 20 tofauti, kisha yakaachwa kwenye baridi na jua la milimani. Yalipokaguliwa baada ya nusu karne, saruji zilizosagwa sana na zenye alkali nyingi zilikuwa miongoni mwa zilizopasuka vibaya, na za polepole zilikuwa zimedumu. Zege la chembe kubwa lina akiba pia: vile viini visivyoliwa. Ufa mwembamba ukipitisha maji, viini hivyo vinaamka na kuuziba kiasi. Saruji iliyokwisha kazi yote mwezi wa kwanza haina kitu cha kuamsha.

Site kwako

Haya hayamaanishi saruji laini ni mbaya. Kwa tofali, vigae, mabomba ya zege na slabu ambayo mbao zake zinasubiriwa kwingine, 42.5R inalipa gharama yake. Ninachopinga ni kuitumia kila mahali kwa kuwa namba ni kubwa. Msingi mnene, ukuta wa tenki, sakafu pana ya ghala na lipu havihitaji nguvu ya siku ya pili. Hakuna atakayevipa mzigo siku hiyo. Saruji ya pozolana ya 32.5N inavifaa zaidi, mradi imwagiliwe wiki mbili, maana pozolana hufanya kazi yake polepole na ikikauka inasimama.

Niru ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Sakafu inapigwa, kisha inatandikwa rojo la saruji tupu, bila mchanga wa kuizuia, na kusuguliwa hadi ing'ae. Sasa hivi rojo hilo mara nyingi ni la saruji laini kuliko waliyotumia mafundi waliowafundisha mafundi wetu. Mwezi haupiti uso umejaa nyufa nyembamba zilizosukana kama wavu. Mwenye nyumba anasema saruji feki. Huenda ni halisi kabisa.

Ukiamua kutumia ya R, saa ndizo zinazobadilika. Kumwagilia kuanze pale kidole kisipoacha alama juu ya zege, jioni ileile, badala ya kesho asubuhi kama ilivyozoeleka. Sakafu ya ghala ikatwe maungio yake mapema, pengine usiku uleule, kwa kina cha robo ya unene, kabla zege halijajichagulia mahali pa kupasukia. Mifuko isikae stoo: chembe laini zinanyonya unyevu wa pwani upesi, na saruji iliyokaa miezi mitatu kwenye stoo yenye unyevu inaweza kuwa imepoteza moja ya tano ya nguvu yake.

Kwa kazi kubwa, omba cheti cha majaribio cha kiwanda. Ruka mstari wa Blaine uende kwenye nguvu za siku 2 na siku 28, ugawanye ya kwanza kwa ya pili. Saruji yenye 28 na 47 imetoa asilimia 60 ya nguvu yake kwa siku mbili. Yenye 14 na 45 imetoa 31. Zote mbili ni 42.5 kwenye mfuko, zote halali. Ya kwanza mpe anayefyatua tofali, ya pili iende kwenye tenki. Kama muuzaji hana cheti, angalau geuza mfuko utafute ile herufi ya mwisho baada ya namba.